Kwa Nini Uvimbe wa Titi Hupimwa HER2?

Leo tujibu swali ambalo akina mama huuliza: "Sista, daktari amekwisha kuniambia ni saratani ya titi. Mbona kipande cha uvimbe kinarudishwa maabara tena?"

Jibu lina historia yake. Unakumbuka chanjo ya surua ambayo mtoto hupewa akiwa na miezi 9? Chanjo hiyo huufanya mwili utengeneze kingamwili, yaani askari wa mwili. Kila kingamwili hutambua kitu kimoja tu. Ile ya surua haitambui polio.

Mwaka 1975, mjini Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waligundua njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi. Walichukua seli za panya aliyechanjwa, wakaziunganisha na seli za saratani zisizokoma kuzaana. Mwaka 1984 wakapewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo, maabara zikapata askari wa kutumwa kutafuta kitu kimoja tu.

Mojawapo ya vitu hivyo ni protini iitwayo HER2. Hukaa juu ya seli na kusaidia kupitisha ujumbe wa kuiambia seli ikue na kugawanyika. Sote tunayo, wala si ugonjwa. Lakini katika baadhi ya uvimbe wa saratani huwa nyingi kupita kiasi, na seli huzaana ovyo. Mwaka 1987, Dennis Slamon wa Marekani na wenzake walieleza walivyochunguza uvimbe wa wanawake 189. Wale ambao jeni ya HER2 ilikuwa imeongezeka, saratani yao ilirudi mapema zaidi.

Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha dawa ya trastuzumab kwa wagonjwa wa aina hiyo, pamoja na kipimo cha kuwatambua. Dawa hiyo yenyewe ni kingamwili: huishika HER2 na kuzuia ujumbe. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu.

Je, kipimo hufanywaje? Kipande cha uvimbe huhifadhiwa katika fomalini, kisha hukatwa vipande vyembamba sana. Kingamwili hutiwa juu yake, na penye HER2 hutokea rangi ya kahawia. Mtaalamu huangalia kwa hadubini na kuandika 0, 1, 2 au 3. Jibu la 3 maana yake HER2 ni nyingi. Jibu la 2 huhitaji kipimo kingine cha kuhakikisha. Wenye 0 au 1 hawapewi trastuzumab, kwa kuwa haitawafaa.

Mama, kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya titi, kama 15 hadi 20 wana HER2 nyingi. Asiyepimwa hawezi kujulikana kwa kumtazama, na huenda akaikosa dawa inayomfaa. Kwa hivyo usiogope kuuliza: "Daktari, HER2 yangu imepimwa? Jibu ni lipi?" Karatasi ya majibu itunze vizuri kama unavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto, na uende nayo kila hospitali utakayotumwa.

Na wewe uliyegusa kinundu kwenye titi, usingoje kiume. Nenda kituo cha afya wiki hii.