Misana ya Lamu

Mgeni aingiapo katika nyumba ya mawe ya Lamu, mathalan ile ya karne ya 18 iliyohifadhiwa kuwa makumbusho, aghalabu hupitiliza hadi kwenye zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu ukutani, akavistaajabia, akatoka. Nami nilikuwa mmoja wao, wala sikujua kwamba nimekwisha kupita pale wenyewe walipokuwa wakishinda.

Pale ni misana. Ukivuka daka, walipobarizi wanaume, ukapinda tekani, iliyopindwa makusudi ili jicho la njiani lisifike ndani, utatokea kiwandani penye uwazi wa mbingu. Na mbele ya kiwanda ndipo ulipo msana wa tini, kisha, kwa kupanda kidato, msana wa yuu, na nyuma yake ndani, faragha ya mwenye nyumba na mkewe. Kila uingiavyo sakafu huinuka na nuru hupungua, hata ukifika ndani adhuhuri yenyewe ni kama magharibi.

Msana ni mrefu, mwembamba: upana wake hauzidi sana mita 3, kwa kuwa dari yake hubebwa na boriti za mikoko, na mti huo una kadiri yake ya kuhimili matumbawe na chokaa. Fundi hakuwa na hiari; boriti ndiyo iliyompimia. Lakini kwa wembamba huo huo nuru ya kiwanda iliweza kufika hata ukuta wa nyuma, na mwanamke aliyeketi mkekani akishona kofia aliona tundu la sindano bila kufungua dirisha la njiani wala kuvunja staha yake. Usiku ulipoingia, pazia zilishushwa kwenye ncha za msana, na baraza ya mchana ikawa malalo. Wala tusisahau kwamba raha hiyo ilisimama juu ya kazi ya watumwa, waliopika juu katika kidari cha meko.

Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na zidaka zake zimepigwa picha zisizo na hesabu. Nawe msomaji, ukijaliwa kukaribishwa, usiyakimbilie mapambo: kaa kitako msanani saa nne za asubuhi, uitazame nuru ikitambaa sakafuni kutoka kiwandani.