Mcheza Kwao Hutunzwa: Kandanda ya Tanga na Wapenzi Wake

Utajapo utamaduni wa taifa, aghalabu watu hufikiria ngoma, mashairi, ususi na uchongaji. Hatuna ugomvi nao, kwani hizo ni hazina zetu za asili. Lakini utamaduni wa watu haukomei katika mambo waliyorithi kwa mababu. Huingia pia katika yale waliyoyapokea kwa wageni, wakayageuza kwa mikono yao wenyewe hata yakawa yao. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kandanda ilikuwa tayari imekwisha kuota mizizi katika miji yetu, nayo ilikuwa na nyimbo zake, majigambo yake, mizaha yake na hata miiko yake. Mchezo ulioletwa na Mzungu ulikuwa umekuwa mali ya mtaa.

Katika insha hii tunakusudia kuutazama mji mmoja tu, nao ni Tanga, na hasa klabu yake ya Coastal Union, ambayo wapenzi wake huiita Wagosi wa Kaya. Tutaeleza ilivyopanda, ilivyoshuka, na jinsi wapenzi wake walivyobaki nayo. Tumeuchagua mji huu kwa sababu kisa chake ni kisa cha miji mingi ya nchi yetu, na kina funzo ambalo vijana wetu hawana budi kulijua.

Mji wa Mkonge

Haiwezekani kuieleza kandanda ya Tanga bila kuutaja mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya zao hilo kutoka Florida, na inasimuliwa kwamba miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo michache yalizaliwa mashamba yaliyofunika bonde la Pangani na kandokando ya reli ya kwenda Moshi. Mwaka huohuo wa 1893 ndipo kazi ya kuijenga reli hiyo ilipoanza mjini Tanga. Bandari ilipanuka na karakana zikajengwa. Baadaye, kuanzia mwaka 1944, ofisi ya mabwana mashamba iliyojulikana kwa jina la SILABU ikawa inakusanya vibarua kutoka pembe za mbali za nchi na hata nje ya mipaka. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake.

Basi Tanga ikawa mji wa watu wa makabila mengi: Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wazigua na Wasambaa, pamoja na wale waliotoka mbali kutafuta kazi. Wengi wao walikaa Ngamiani, mtaa ambao barabara zake zilipewa namba badala ya majina. Mtu wa bandarini, mtu wa reli na karani wa ofisi ya mkonge walikutana hapo jioni, kazi zikiisha. Walihitaji kitu cha kuwakutanisha kisichouliza kabila la mtu. Mpira ulikuwa mmojawapo wa vitu hivyo.

Mji wa Jozi Mbili

Yafaa ikumbukwe kwamba watu wa pwani walikuwa na mazoea ya kushindana kabla ya mpira kuja. Mwanzoni mwa karne ya ishirini vyama vya ngoma ya beni vilienea katika miji ya Tanganyika, na Tanga ilikuwa na Marini na Arinoti wakishindana kwa mavazi, kwa paredi na kwa karamu. Mtu alijiunga na upande mmoja, akalipa ada yake, akazikwa na wenzake alipofariki. Mashindano hayo hayakuwa uadui. Yalikuwa njia ya kuufanya kila upande ujitahidi zaidi.

Desturi hiyo ya jozi haikufa. Katika dansi, Tanga ilikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Katika taarabu ilikuwa na Black Star na Lucky Star. Na katika kandanda ilikuwa na African Sports na Coastal Union. African Sports ndiyo kubwa kwa umri: ilianzishwa mwaka 1936, mwaka uleule wa kuzaliwa kwa klabu ya Simba ya Dar es Salaam. Coastal Union ilifuata mwaka 1948. Jina la African Sports linatukumbusha zama ambazo starehe za mjini ziligawanywa kwa rangi za watu, Mzungu na klabu yake, Mhindi na yake. Mwafrika alipoipa klabu jina lake mwenyewe alikuwa anasema neno. Jina la Coastal Union nalo lilibeba wazo la umoja wa watu wa pwani. Wapenzi wakayaongezea majina hayo ya Kiingereza majina yao wenyewe. Wa African Sports wakawa Wana Kimanumanu, na wa Coastal wakawa Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani, kwa kuwa mgosi katika lugha za wenyeji wa mkoa huo ni mwanamume.

Siku timu hizi zilipokutana katika uwanja wa Mkwakwani, mji uligawanyika. Ndugu wa tumbo moja walitaniana tangu asubuhi, na aliyeshindwa alijua kwamba wiki nzima kahawa ya barazani itakuwa chungu kuliko kawaida. Lakini jozi hiyo ndiyo iliyowalea wachezaji. Kijana aliyekataliwa na upande mmoja alikimbilia wa pili, akarudi uwanjani kulipiza. Hivyo mji ukawa na shule mbili za mpira pasipo serikali kujenga hata moja.

Mwaka wa Ubingwa

Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, ubingwa ulikwenda Dar es Salaam, na kwa miaka mingi ulikaa hukohuko. Timu za mikoani zilizoutwaa ni za kuhesabika. Mseto ya Morogoro iliupata mwaka 1975, na Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986. Mwaka 1988 ukawa zamu ya Coastal Union. Wagosi wa Kaya waliziacha nyuma Simba na Yanga, wakawa mabingwa wa Tanzania Bara. Miongoni mwa wachezaji wa kikosi hicho alikuwamo Juma Mgunda, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu wa timu hiyohiyo.

Ubingwa huo haukununuliwa. Ulikuwa matunda ya mitaa iliyokuwa na watoto wengi wanaocheza, ya jozi iliyokuwa inachocheana, na ya wapenzi waliokuwa tayari kutoa kidogo walichonacho. Wazee wa Tanga huutaja mwaka 1988 kama watu wengine wanavyoutaja mwaka wa mavuno makubwa. Tangu hapo hakuna timu ya Tanga iliyorudia jambo hilo.

Sababu za Kushuka

Watu husema timu ilishuka kwa sababu ya uongozi mbaya. Wengine husema imelogwa, na badala ya kumtafuta mweka hazina humtafuta mganga. Sisi tunaona kwamba sababu ni pana zaidi, na zimefungamana.

Kwanza, mji wenyewe ulidhoofika. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha mkonge zaidi ya tani 230,000, ikiongoza duniani. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni na bei ikaanguka. Mashamba mengi yakachukuliwa na dola baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na usimamizi wake haukufanikiwa kuyanusuru. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 mavuno hayakufikia hata tani 40,000. Kiwanda cha mbolea kilichofunguliwa Tanga mwaka 1972 kilisimamisha uzalishaji mwaka 1991. Msomaji aiangalie miaka hiyo: Coastal ilitwaa ubingwa wakati nguzo za mji zilikuwa tayari zinaoza. Kazi ikipungua, vijana huhama. Mshahara ukikatika, ada ya klabu ndiyo ya kwanza kuachwa.

Pili, mpango wa kuwatunza wachezaji ulibadilika. Katika miaka ya 1970 na 1980 mchezaji alikuwa mfanyakazi. Mashirika ya umma yaliajiri wanamichezo, na mengine yalikuwa na timu zake, kama Reli ya Morogoro na Pamba ya Mwanza. Mashirika yalipoanza kufungwa au kuuzwa katika miaka ya 1990, mchezaji alibaki na miguu yake tu. Aliyekuwa na kipaji akaenda palipo na fedha, yaani Dar es Salaam. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa; lakini mcheza kwao asipotunzwa, nani atamlaumu akicheza kwa watu?

Tatu, masikio ya wananchi yalihamishwa. Redio ilitangaza mechi za Simba na Yanga hadi vijijini, na baadaye televisheni ikazileta picha zake sebuleni. Mtoto aliyezaliwa Muheza au Korogwe akakua akijua majina ya wachezaji wa Dar es Salaam kuliko ya wale wanaofanya mazoezi maili chache kutoka kwao. Leo Simba au Yanga inapokwenda Mkwakwani uwanja hujaa, na klabu mwenyeji hupata mapato mazuri ya mlangoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Lakini tazama majukwaani: wengi wa waliojaa humo ni wenyeji waliovaa rangi za mgeni. Dawa inayomponya mwenyeji ndiyo hiyohiyo inayomdhoofisha.

Msiba mkubwa ulikuja katika msimu wa 2015/16. African Sports ilikuwa imerejea katika Ligi Kuu baada ya kukaa nje miaka mingi, na Mgambo JKT ilikuwamo pia. Kwa hiyo mkoa wa Tanga ulikuwa na timu tatu kati ya kumi na sita. Ligi ilipokwisha, timu tatu zilizoteremka daraja zilikuwa hizohizo tatu. Mkoa mzima ukabaki bila timu hata moja katika Ligi Kuu.

Wapenzi Waliobaki

Hapa ndipo tunapouona utamaduni katika sura yake halisi. Timu ikishinda, kila mtu ni shabiki. Ikishuka daraja hubaki wale ambao klabu kwao ni sehemu ya nasaba. Hao ndio waliokwenda kuitazama Coastal ikicheza katika daraja la chini, mbele ya majukwaa matupu, na ndio waliokaa barazani wakihesabu pointi ambazo hakuna gazeti lililojali kuzichapisha. Uaminifu huo haukuwa bure. Mwaka 2018 Coastal ilirudi katika Ligi Kuu. Tarehe 2 Julai 2022, ikifundishwa na Mgunda, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha, ikatoka sare ya mabao 3 kwa 3 na Yanga, ikashindwa kwa mikwaju ya penalti. Miezi michache baadaye Simba ikamchukua mwalimu huyo. Katika msimu wa 2023/24 Coastal ilishika nafasi ya nne, ikapata tiketi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika, ambako ilitolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola.

Hata hivyo tusijidanganye. Jozi imevunjika. African Sports, iliyo kongwe, haikurudi pamoja na mdogo wake, na Coastal isiyo na mpinzani wa mtaani ni kama mwimbaji asiye na wa kumjibu. Tena mapenzi matupu hayalishi timu. Katika vilabu vyetu vingi wapenzi ni maelfu, wanachama wenye kadi ni wachache, na wanaolipa ada kila mwaka ni wachache zaidi. Mpenzi hushangilia na kulaumu. Mwanachama hulipa, huhudhuria mkutano na kuuliza hesabu. Wale wa beni walilielewa jambo hili: aliyetaka kujigamba kwa jina la chama alikichangia chama. Tofauti hiyo ya mpenzi na mwanachama, kwa maoni yetu, ndiyo iliyoamua mambo. Mkonge haukuwa mikononi mwa watu wa Ngamiani, wala bei yake. Klabu ilikuwa mikononi mwao.

Wajibu Wetu

Tunawaomba walimu na wanafunzi walifikirie jambo hili katika miji yao wenyewe. Mseto na Tukuyu Stars, mabingwa wa jana, hazimo tena katika Ligi Kuu. Pan African ya Dar es Salaam, iliyozaliwa kutokana na mgogoro wa Yanga na kutwaa ubingwa mwaka 1982, imepotelea katika madaraja ya chini. Kila moja ina wazee wanaokumbuka nani alishona jezi za kwanza, nani alitoa nyumba yake iwe ofisi, nyimbo zipi ziliimbwa njiani kwenda uwanjani. Wazee hao wanapungua. Mwanafunzi mwenye daftari anaweza kuwaendea Jumamosi moja, akaandika, na shule ikahifadhi alichoandika.

Lakini kuandika peke yake hakutoshi, maana klabu si jumba la makumbusho. Taifa lenye timu mbili tu za kupendwa lina kandanda yenye kelele nyingi na mizizi mifupi. Kijana wa Tanga ana haki ya kuishangilia timu yoyote aipendayo. Tunachomwomba ni kwamba, kabla hajanunua jezi ya mbali, aulize ada ya mwaka ya klabu ya mtaani kwao ni shilingi ngapi.