Kufa kwa diski kuu
Diski kuu ya sumaku hufa inapoacha kusomeka. Ndani yake sahani huzunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea nanomita chache tu juu yake. Kikigusa, hukwangua tabaka la sumaku pamoja na data iliyomo, na sehemu hiyo hakuna fundi wa kuirudisha. Diski ikianza kugonga "tk, tk", izimwe papo hapo: kuiwasha tena huzidisha mkwaruzo. Faili iliyofutwa kimakosa ina nafuu, kwani kwa kawaida hubaki mpaka nafasi yake iandikwe data nyingine. Picha za familia zastahili nakala tatu, moja nje ya nyumba, maana mwizi hubeba kompyuta na diski iliyo kando yake.