Herufi Zilizoiga Mwandiko wa Mkono

Wasomaji wengi wamepata kuona kadi ya arusi au cheti chenye herufi za kupindapinda, mfano wa mwandiko wa mtu mwenye mkono mzuri, kumbe zimepigwa chapa. Herufi za namna hii zina historia ndefu, nami napenda kueleza habari za fundi mmoja aliyezitengeneza zamani, na jinsi kazi yake ilivyofika mahali asipopakusudia.

Fundi huyo ni Robert Granjon, Mfaransa aliyefanya kazi katika mji wa Lyon. Siku zile vitabu vingi vya huko vilipigwa chapa kwa herufi zilizoanza Italia: za kusimama, na zile za kulala ambazo Aldus Manutius alizitoa Venice mwaka 1501. Granjon alitaka Wafaransa nao wawe na herufi zao wenyewe, zilizotoka katika mwandiko wao wa kila siku.

Kazi ilikuwa ngumu. Kila herufi ilichongwa kwanza kwenye ncha ya chuma cha pua, kisha ikapigwa juu ya shaba ili iache alama yake, na ndani ya alama hiyo ikamiminwa risasi iliyoyeyushwa. Basi kalamu huunganisha herufi bila taabu, lakini vipande vya risasi husimama kila kimoja peke yake. Kwa hiyo Granjon alichonga herufi moja kwa sura kadha wa kadha, hii ya kuanza neno, hii ya kumaliza; na nyingine alizifunga mbili katika kipande kimoja.

Mwaka 1557 alitoa kitabu cha kwanza kwa herufi hizo, mazungumzo juu ya uzima na mauti. Mfalme Henri II akampa haki ya miaka 10, mtu mwingine asiziige. Hata hivyo mwaka 1558 Philippe Danfrie na Richard Breton walitoa za namna hiyo mjini Paris.

Lakini amri ya mfalme haiyafundishi macho kusoma. Watu walikuwa wamezoea herufi nyepesi, wala hawakuziacha. Herufi za Granjon zikapata makao yao katika vitabu vya kufundishia watoto adabu, vilivyofuata kitabu cha Erasmus cha mwaka 1530. Mtoto alijifunza humo tabia njema, na papo hapo akazoea kusoma mwandiko wa mkono. Ndiyo sababu herufi hizo zikaitwa Civilité, yaani adabu, na vitabu hivyo viliendelea kupigwa chapa hata karne ya 19.

Basi tupambapo cheti au kadi kwa herufi za madaha, tukumbuke kuwa zafaa kwa maneno machache. Palipo na habari ndefu, heshima ya msomaji ni herufi aisomayo bila kukunja uso. Granjon alitafuta herufi ya taifa zima, akapata ya watoto wa shule. Na hao ndio waliozihifadhi muda wa karne tatu.