Kasi kama Sharti: Picha za MRI za Kampaundi Zenye Haipapolarizesheni, 1977–2013

Katika maandishi mengi kuhusu historia ya picha za MRI, ongezeko la kasi huelezwa kuwa nafuu kwa mgonjwa na kwa hospitali. Insha hii inadai kuwa maelezo hayo hayatoshelezi kwa kampaundi zenye haipapolarizesheni, yaani zile ambazo viini vyake vya atomi vimeelekezwa upande mmoja kwa wingi usio wa kawaida. Kwa kampaundi hizo, kasi ilikuwa sharti la picha kupatikana.

Msingi wa hoja ni kazi iliyochapishwa mwaka 2003 na Jan Henrik Ardenkjær-Larsen na wenzake nchini Sweden. Waliipoza sampuli hadi karibu na sifuri halisi, wakatumia maikrowevu kuhamishia viini mwelekeo wa elektroni, kisha wakaiyeyusha kwa haraka. Ishara ya kaboni-13 iliongezeka zaidi ya mara 10,000. Hata hivyo, akiba hiyo haijazwi tena. Ndani ya mwili, ishara ya piruvati hufifia kwa dakika moja au mbili, na kila mpigo wa mawimbi ya redio huchota sehemu yake.

Njia ya awali ya kutenganisha kemikali katika picha ilitoa kipimo kimoja kwa kila mpigo. Gridi ya 16 kwa 16 ilidai mipigo 256. Ndipo watafiti walipoazima zana zilizobuniwa kwa MRI ya kawaida. Wazo la Peter Mansfield wa Nottingham, la mwaka 1977, liliwezesha kukusanya picha nzima baada ya mpigo mmoja. Mwaka 2007, Michael Lustig, David Donoho na John Pauly walionyesha namna ya kujenga picha kutokana na vipimo vichache; mwaka uliofuata mbinu hiyo ilitumika kwa kaboni-13.

Uazimaji huo ulikuwa na gharama. Vipimo vilivyoachwa hujazwa kwa dhana, na dhana ikikosea, kiasi cha laktati hupotoshwa, ilhali ongezeko la laktati ndilo linaloashiria saratani. Kwa hiyo, jaribio la kwanza kwa binadamu, lililofanyika San Francisco kwa wagonjwa 31 wa saratani ya tezi dume na kuchapishwa mwaka 2013, lisomwe kama matokeo ya historia mbili: ya kuikuza ishara na ya kuitumia kwa uangalifu kabla haijatoweka.