Taa ya mapambazuko

Taa ya mapambazuko ni taa ya kando ya kitanda inayoiga kuchomoza kwa jua ili kumwamsha mtu taratibu. Kwa kawaida huanza kuwaka takriban nusu saa kabla ya muda uliowekwa: kwanza wekundu hafifu, kisha rangi ya chungwa, mwishowe mwanga mweupe wa manjano. Nyingi humalizia kwa sauti ya ndege au redio. Baadhi hufifia polepole wakati wa kulala.

Utendaji
Sehemu ya mwanga hupenya kope zilizofumbwa na kufika kwenye retina. Humo zimo seli zenye melanopsini, ambazo hupeleka taarifa kwenye saa ya mwili, ndani ya hipothalamasi. Mwili hupunguza melatonini, homoni ya usiku, na usingizi huwa mwepesi kabla kengele haijalia.

Matumizi
Taa hizi hutumika zaidi katika nchi zenye majira ya baridi yenye giza. Tromsø, Norwei, jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Hutumika pia dhidi ya sonona ya majira, iliyoelezwa na Norman Rosenthal na wenzake mwaka 1984, ingawa taa za tiba hiyo hufikia luksi 10,000, na za mapambazuko aghalabu huishia luksi 300 hivi. Nairobi, ambako jua huchomoza karibu saa 12:30 asubuhi mwaka mzima, huwafaa hasa wanaoamka kabla ya alfajiri. Hata hivyo, taa hizi hazifidii saa za usingizi zilizopotea.