Malale: Adui na Mlinzi

Ipole, kusini mwa Sikonge, imezungukwa na miombo, na miombo ni makao ya mbung'o. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha wakazi wengi wa upande huu wa Tabora na kuwakusanya katika vijiji vikubwa, kuwaepusha na malale.

Ugonjwa ukifika ubongoni, mgonjwa hutetemeka, huyumba, husinzia mchana. Kimelea hubadili vazi lake kila mara, na mwili hutoa kingamwili bila kupumzika. Watafiti wamekuta baadhi ya kingamwili hizo zikishambulia neva za mgonjwa mwenyewe. Je, zinachangia mtetemeko? Bado haijathibitishwa. Zikichangia, basi watu walitenganishwa na mbung'o, lakini aliyekwisha kuumwa alihama na mlinzi aliyemgeuka.